Wageni wa Mbugani Katika Mashamba Yetu

Mwezi wa Julai, wakati sisi tunatengeneza majamvi na kutafuta wachumaji, huko Tanzania Bara mbuga za wanyama nazo zimo katika msimu wake mkubwa. Masika yamekwisha, majani yamekauka, wanyama wanakusanyika penye maji, na nyumbu wa Serengeti wanaelekea kaskazini kuvuka Mto Mara. Wageni wanaokuja kuwatazama ni wengi, na wengi katika hao wakishamaliza siku zao nne au tano za simba na tembo hupanda ndege ndogo wakaja Unguja kupumzika pwani. Basi mgeni hutufikia wakati ule ule karafuu iko mtini. Jambo hili hatukulipanga sisi, limetokea tu, lakini yafaa tuliangalie vizuri.

Naandika makala haya kwa sababu katika matawi yetu limekuwapo shauri la kuwakaribisha wageni hao mashambani kwa matembezi ya siku moja, wengine wakilitaka na wengine wakilikataa. Mimi nilikuwa katika waliolikataa, tena kwa sauti kubwa. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kilichonigeuza.

Msimu mmoja uliopita, tukiwa katikati ya kuchuma, gari liliingia shambani kwangu bila ya hodi. Wakateremka wageni sita na kiongozi wao. Kiongozi alinipungia mkono, akaenda moja kwa moja kwenye mkarafuu ulio karibu na njia, akavuta tawi ili wageni waone karafuu kwa karibu. Kila mwanachama anajua tabia ya mkarafuu: si mti wa kupindika. Tawi likakatika penye panda, likaanguka na karafuu zake mbichi. Wageni wakafurahi, wakapiga picha, kwani walidhani ndivyo karafuu zinavyochumwa! Kisha nikamsikia akiwaambia ya kuwa asili ya mti huu ni Arabuni. Wakati wa kuondoka alimpa mwanangu noti ya shilingi elfu tano. Baadaye nikapata khabari ya kwamba kila mmoja wa wale sita alilipa kwa siku ile fedha ambazo mchumaji wangu hazioni kwa wiki nzima. Simtaji mtu huyo wala kampuni yake, maana kisa kama hiki kimewafika wengine pia.

Nikasema, shambani kwangu mgeni hataingia tena. Na neno hilo nililishika hata mwaka huu nilipokwenda Unguja kumwangalia ndugu yangu aliyekuwa mgonjwa. Nilipobakiwa na siku moja, nikaona afadhali nikayatazame kwa macho yangu hayo matembezi ya viungo yanayosifiwa. Nikalipa kama wageni wengine, nikapanda gari.

Tulitoka Mji Mkongwe saa tatu asubuhi. Tukaonyeshwa kwanza mahamamu ya Kidichi, yaliyojengwa kiasi cha mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, yenye nakshi za ndege na maua ukutani. Kisha tukaingia mashamba ya upande wa Kizimbani. Kijana aliyetutembeza alikuwa na maarifa, nami namsifu. Alimenya gamba la mdalasini wageni wakanusa, akapasua kungumanga wakaona ile basibasi nyekundu iliyoizunguka mbegu, akawaonyesha vanila inavyopanda juu ya mti wa kuiegemea, pilipili manga, iliki, mchaichai, mlangilangi. Akaja mwenziwe akapanda mnazi huku anaimba, akaangusha madafu. Wanaume walivikwa tai za makuti na wanawake kofia. Mchana tulikaa jamvini tukala pilau na mchuzi wa samaki, na jioni tukapelekwa Mangapwani kuona pango na lile handaki walimofichwa watumwa baada ya biashara yao kupigwa marufuku mwaka 1873. Kwa haki, ilikuwa siku nzuri.

Lakini chini ya mkarafuu tulisimama dakika nne.

Nilikuwa nimekaa karibu na mama mmoja wa makamo kutoka Uholanzi. Tuliporudi garini akanieleza, nami nikimwelewa kwa Kiingereza changu cha skuli, ya kuwa alikuwa siku tano mbugani na hakuna alichokigusa. Na ni kweli, kwani katika Serengeti mgeni hateremki garini isipokuwa mahali palipowekwa, na ina haki kuwa hivyo, maana simba hana mazoea na mtu. Huona kwa mbali, hupiga picha, hulala kambini, na watu anaozungumza nao ni dereva na mpishi. Leo, alisema, ndiyo siku yake ya kwanza kukanyaga udongo. Kisha akaniuliza: zile karafuu huchumwa na nani? Nilipomwambia ninayo mikarafuu yangu Pemba, hakuninyamazia hata tukafika mjini. Mti ni wa nani, na ardhi je? Mchumaji analipwa vipi? Hamuanguki? Watoto huchuma? Ni kweli kwamba zamani kazi hii ilifanywa na watumwa?

Nikamjibu yote kwa kadiri nijuavyo. Usiku ule nikawaza ya kwamba maswali yale hayana mtu wa kuyajibu ila sisi. Kijana wa watu wa Kizimbani anaweza kujua matumizi ya mdalasini kuliko mimi mara kumi, lakini hajapata kulala macho akisikiliza mvua huku karafuu zake zimo nje.

Kwa hiyo nauliza: ikiwa mgeni ametoka mbali, amechoka kutazama vitu kwa kiooni, anataka nusu siku moja ya kukaa na watu na kuona kazi yao, kwa nini aonyeshwe mchezo na kazi yenyewe ipo? Pemba ndiko karafuu nyingi za visiwa hivi zinakotoka, na ndiko wageni wachache wanakofika. Kutoka Unguja kwa ndege ni nusu saa hivi. Mtu anaweza kuja asubuhi akarudi jioni, ingawa akilala usiku mmoja ni bora kwake na kwetu.

Nieleze siku yenyewe ninavyoiona. Asubuhi mgeni apelekwe shambani mapema, wachumaji wakiwa mtini. Aone kamba na upembo, aone jinsi tawi linavyovutwa kwa adabu. Aelezwe ya kuwa karafuu ni ua lisilofunguka, na ya kuwa likifunguka thamani yake imekwisha, ndiyo maana hatuna nafasi ya kungoja. Apewe kikapu achume matawi ya chini kwa nusu saa. Ndipo zipimwe alizochuma. Atacheka mwenyewe, kwani zitakuwa kiganja tu. Halafu aelezwe ya kwamba kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kilo 1 kavu hivi. Hesabu hii itamfundisha zaidi ya hotuba yoyote.

Mtini asipande. Hili sitaki lijadiliwe. Kila msimu tunasikia mtu kaanguka, na miongoni mwetu wapo waliozika na wapo wanaouguza migongo mpaka leo. Mgeni akiuliza khabari ya kuanguka aambiwe kweli, wala asiambiwe kuwa wachumaji wetu ni hodari kama kima.

Baada ya hapo aje uani. Huku ndiko nadhani patampendeza kuliko pote, ingawa sisi tunaona ni mahali pa kawaida. Jioni ama alasiri, akina mama na vijana wamezunguka fungu la karafuu, wanachambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande wa pili, vidole vimekuwa vyeusi, na hadithi zinakwenda. Mgeni yeyote anaweza kukaa hapo akachambua, awe mzee au mtoto. Haihitaji nguvu wala kiingereza kingi. Majamvi yapo mbele yake, ya siku ya kwanza karafuu zingali na rangi ya kijani na wekundu, ya siku ya nne au ya tano zimekuwa kahawia iliyokolea na zinakatika kwa mlio. Akizishika za siku zote hizo moja baada ya moja ameielewa kazi.

Njiani kurudi apitishwe Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, ambako yale makonyo aliyoyachambua hupikwa kwa mvuke yakatoa mafuta. Huko hukamuliwa pia mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi, na harufu yake mtu huenda nayo nguoni mpaka nyumbani. (Mke wangu hunijua nilikotoka kabla sijafungua mlango.) Akiwa bado ana wakati, upo msitu wa Ngezi, upo mnara wa taa wa Kigomasha wa mwaka 1900, ipo ngome ya Chake Chake. Asitiwe yote katika siku moja. Mgeni aliyekimbizwa haoni kitu.

Na khabari ya watumwa? Wapo wenzetu wanaoona ni aibu kuitaja mbele ya mgeni. Mimi naona aibu ni kuificha, tena mgeni ameshaijua, maana ametoka Mangapwani jana yake. Tuieleze kama ilivyo. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo katika Indonesia. Wafaransa waliupeleka Mauritius katika karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Anayetajwa kuwa aliuleta ni Saleh bin Haramil Al-Abri. Seyyid Said akaona faida yake, akapanda na akawataka wengine wapande, na mashamba yakafyekwa, yakapandwa na yakachumwa kwa mikono ya watumwa waliotolewa bara. Tufani la mwezi wa Aprili 1872 liliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja na Pemba ikasalimika zaidi, na tokea hapo jina la karafuu likawa la Pemba. Utumwa ukafutwa kisheria 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikagawiwa eka 3 kwa kila aliyepewa, na wengi wetu tunachuma katika eka hizo. Mtu mmoja wa kila tawi ajifunze maneno haya machache, ayaseme kwa utulivu, na akiulizwa zaidi ya anayoyajua aseme hajui. Yule aliyesema mkarafuu umetoka Arabuni hakuwa mwongo wa makusudi. Hakufundishwa na mtu.

Mtu asidhani ya kuwa shauri hili ni jipya. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wametutangulia. Chama chao kikuu, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilianzisha katika miaka ya mwanzo ya 2000, wakati bei ya kahawa ilipokuwa imeanguka duniani, matembezi yaliyoitwa Kahawa Shamba. Mgeni akateremka kutoka mlimani au mbugani akaingia kihambani kwa Mchagga, akachuma, akatwanga, akakaanga, akanywa kikombe cha kahawa aliyoitengeneza mwenyewe. Kilichonivutia katika khabari ile ni mwenye shughuli: kilikuwa chama cha wakulima wenyewe, sio mwenye gari. Na Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, wageni hao hao wa mbugani hutembezwa kwa miguu na kwa baiskeli katika mashamba ya migomba na ya mpunga, na wanaowatembeza ni watu wa pale pale.

Hata hapa Pemba mfano tunao. Kidike wapo popo wakubwa wasiopatikana mahali pengine popote duniani ila kisiwani kwetu. Misitu yao ilipungua kwa kufyekwa mashamba, yakiwemo ya mikarafuu, na watu wakiwawinda na kuwala, hata ikakhofiwa watatoweka. Wanakijiji wakaamua kuwalinda, wakaweka kiingilio kwa mgeni anayetaka kuwaona wakining'inia, na popo wakaongezeka tena. Ikiwa popo ameweza kulipiwa kiingilio, mkarafuu una kosa gani?

Sasa nije kwa wanaokataa, ambao nawaheshimu kwa kuwa juzi nilikuwa mmoja wao. Mzee mmoja wa tawi letu alisema katika mkutano, "Mwanangu, shamba si sinema." Neno lake lina uzito. Wakati wa mavuno hatuna mtu wa kumtoa kazini ili akamchekee mgeni. Mkarafuu umeiva leo, kesho umefunguka. Wachumaji hulipwa kwa pishi au kwa kilo, na kila dakika waliyosimama kupigwa picha wamepungukiwa. Wengine walitaja nguo za wageni, wengine wakataja watoto watakaoacha skuli kwenda kuomba peremende penye magari. Hayo yote ni kweli na yameonekana kwingine.

Lakini mimi nafikiri zaidi juu ya mwaka mdogo. Mkarafuu hauzai sawasawa. Mwaka mmoja matawi yanaelemewa, mwaka wa pili unatafuta karafuu kama mtu anayetafuta sindano. Katika mwaka mdogo ndipo vijana wetu wanapohamia Unguja na Dar es Salaam kutafuta kibarua cha hotelini, kuwahudumia wageni hao hao, na si wote wanaorudi msimu mkubwa ukifika. Ndipo shamba linapoota magugu, na miti iliyozeeka haipandwi mingine badala yake, kwani mche hukaa kiasi cha miaka 5 hadi 8 kabla ya kuzaa na kijana hana subira ya kungoja bila ya senti mfukoni. Fedha ya mgeni haitashinda fedha ya karafuu, wala tusijidanganye. Ila huja hata mti usipozaa. Mgeni anaweza kuonyeshwa kitalu, akapanda mche kwa mkono wake, akala chakula cha shambani, akaenda Wawi na Kidike, na kijana aliyemtembeza akapata sababu ya kukaa.

Ninalopendekeza ni hili. Tusifungue mashamba yote. Kila tawi litafute shamba moja au mawili yaliyo karibu na njia, ambayo wenyewe wanaridhia kwa hiari yao. Kiingilio kiwe kimoja kwa matawi yote, kiandikwe ubaoni, kilipwe kwa Chama mbele ya risiti, si kwa kutiliwa mtoto noti mkononi. Sehemu imwendee mwenye shamba, sehemu wachumaji waliokuwapo siku ile kwa muda wao uliopotea, na sehemu kwa miche ya tawi. Gari lisiloleta khabari siku moja kabla lirudishwe, hata likiwa limebeba mfalme. Siku ya Ijumaa pasiwe na matembezi. Picha ya mtu ipigwe kwa idhini yake. Mgeni aambiwe kabla ya kuja namna ya kuvaa, naye hatakasirika, kwani mbugani pia huambiwa avae nini. Mtoto wa skuli asionekane penye gari saa za masomo.

Na jambo la kuuza. Mgeni atataka kwenda na karafuu kwao. Biashara ya karafuu ina sheria yake, na mwanachama asimfungie mgeni karafuu kavu kwenye karatasi kabla ofisi ya Chama haijauliza kwa Shirika la ZSTC ni utaratibu gani unaoruhusiwa. Ukili, vikapu, asali na vyakula vya nyumbani havina matata hayo, na akina mama wetu wanavyo.

Shauri hili litaletwa katika mikutano ya matawi kabla ya msimu kuanza. Mwenye shamba karibu na njia, lenye miti ya matawi ya chini, kivuli cha kukaa na choo safi, ampelekee jina lake katibu wa tawi. Mwenye kupinga naye aje asikilizwe, khasa yule mzee wangu wa sinema. La kwangu nimeshaliandikisha. Mkarafuu ule uliokatwa tawi upo pale pale karibu na njia, nao sitauficha. Atakayetembeza wageni ataanzia hapo, awaonyeshe penye panda, awaambie ya kuwa tawi hili halikuvutwa kwa adabu.